Misimamo ya Réginald

Saint-Rémi, Maine
Jumapili ya mwisho ya Novemba

Kwako Dada Olivine,

Salamu hizi zikukute hapo Bristol ukiwa umeketi, si umepanda ngazi ukifuta madirisha kama nilivyosikia kwa mwanao. Goti linaendeleaje? Na ile presha? Na yule jirani yako Mpolandi anayekuletea supu ya kabeji, bado anakuletea, au mmeshagombana? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Theluji ya kwanza ilianguka ikayeyuka, mto bado haujaganda, viazi vyote vimo ghalani, na mimi nina mafua madogo ambayo hayastahili kuandikiwa barua.

Kifurushi chako kimefika. Josée alipolifungua lile blanketi la sufu alilitandaza juu ya tumbo lake, akaweka kikombe cha chai juu yake, akasema sasa nyumba ina meza ya pili. Kisha akalia. Siku hizi analia kwa lolote, juzi alilia kwa sababu ya tangazo la matairi. Lakini kwa blanketi lako alilia vizuri, na amenituma nikuambie ahsante mara mia. Amelikunja na kuliweka kwenye droo yenye soksi ndogo. Kila nikienda kwake nakuta ameifungua hiyo droo na kuitazama.

Réginald naye anakusalimu. Ataandika mstari wake mwishoni kama kawaida, kisha atafunga bahasha na kuipeleka posta mwenyewe. Tabia yake unaijua: tangu tuoane hajapata kusoma hata neno moja la barua zangu kwako. Husema barua ya mtu kwa dada yake ni kama kitubio kwa padri. Zamani nilidhani ni uvivu wa kusoma tu. Leo naishukuru tabia hiyo kuliko siku zote, nawe utaona kwa nini.

Najua unachongojea. Unataka habari za uchaguzi. Basi tulia, usirukie mwisho, nitakueleza kwa mpangilio, maana kwenye simu tunakatizana tu na hakuna kinachoeleweka.

Ilianza Mei. Wiki ileile Josée alipokuja jikoni kwangu, akafunga mlango na kuniambia kwamba safari hii daktari amesikia moyo ukidunda, ndiyo wiki hospitali yetu ilipotangaza kwamba wodi ya wazazi itafungwa mwaka mpya ukianza. Walisema wanaozaliwa ni wachache, wauguzi hawapatikani, na gharama ni kubwa. Wajawazito waende kusini. Unaijua barabara ya kusini, Dada. Ni zaidi ya saa moja ikiwa kavu na jua linawaka. Josée wangu, aliyengoja miaka kumi na kupoteza wawili, anatarajiwa Januari. Mimi na wewe hatuhitaji kuelezwa. Siku alipozaliwa yeye, barabara hiyohiyo ilifungwa na dhoruba, na wewe ulinishika mkono katika wodi hiyohiyo ukinitukana kwa Kifaransa ili nisizimie. Usingekuwepo wewe na wodi ile isingekuwepo, nisingekuwa na Josée wa kukuandikia habari zake.

Réginald aliposikia alichukua ufagio. Alitoka akaenda kufagia ghala la viazi, ambalo lilikuwa limeshafagiliwa. Aliporudi alisema anagombea Bunge la Jimbo. Nilimwuliza kama ameanguka akajigonga. Mtu ameendesha basi la shule maisha yake yote, ameshastaafu, hotuba ndefu aliyowahi kutoa ni “kaa chini, mkanda huo.” Akasema ndiyo maana, kwa miaka yote hiyo ameona barabara ile inavyokuwa Januari na wale wakubwa wa jimbo walioko Augusta hawajaiona. Akasimama kama mgombea binafsi, akazunguka kukusanya sahihi, na kabla sijazoea wazo lenyewe jina lake lilikuwa limeshaingia.

Mgombea mwingine alikuwa Colette Lizotte, yule mfamasia. Humkumbuki, alikuwa mtoto ulipohama. Ni binti wa watu wa kilima cha kanisa, ana watoto wawili, wote wamezaliwa kwenye wodi hiyo, na ana kipaji cha kusikiliza hata mtu anapoeleza jinsi alivyofunga choo. Tena alipanda basi la Réginald tangu darasa la kwanza, na kila walipofika mteremko wa daraja alikuwa akitapika. Waliomsaidia Réginald walimwambia amshambulie kidogo, aseme ni mdogo, hana uzoefu. Aliwajibu kwamba mtu uliyemfutia matapishi miaka sita huwezi kumsema vibaya. Kampeni yake ya kushambulia ikaishia hapo.

Mimi nikawa dereva. Kicheko gani hiki, dereva akaendeshwa. Alisema mgombea akiendesha mwenyewe atatazama barabara badala ya kutazama watu. Kiangazi chote nimempeleka nyumba hadi nyumba, nami nikisubiri ndani ya gari na rozari, dirisha likiwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Dada, sijapata kuona mtu anayepoteza kura kwa bidii kiasi kile.

Kwa mfano likizo ya mavuno. Unajua jinsi watu wanavyogombana kuhusu hilo tangu mashine zianze kuchimba viazi. Walimu wanataka ifutwe, wanasema watoto wengi hawaendi shambani tena, wanakaa nyumbani wiki tatu wakichezea simu. Wakulima wanataka ibaki. Mgombea mwenye akili angewaambia walimu hivi na wakulima vile. Réginald alimwambia mwalimu mkuu kibarazani kwake kwamba likizo ibaki, lakini mtoto asiyekwenda shambani aende shule. Mwalimu mkuu akauliza, na walimu wenyewe watapumzika lini? Réginald akasema walimu wa zamani walikuwa wakichimba viazi. Mlango ukafungwa. Tukavuka barabara hadi kwa mkulima, akamwambia vilevile, na akaongeza kwamba mkulima awalipe watoto malipo ya mtu mzima, maana mgongo wa mtoto nao ni mgongo. Mlango huo pia ukafungwa. Kwa msimamo mmoja alikuwa ameziudhi pande zote mbili za barabara.

Nilimfundisha maneno ya kusema. Nilimwambia, mtu akikuuliza jambo gumu sema, “Hilo ni suala zuri, nitalifikiria.” Tulifanya mazoezi mezani, mimi nikiwa mpiga kura. Kesho yake bibi mmoja akamwuliza kama ataunga mkono barabara ya kilimani itiwe lami, maana vumbi linaharibu nguo zake kambani. Nikasikia kimya. Nikajua anatafuta yale maneno. Kisha nikamsikia akisema, “Nimeshalifikiria. Hapana.” Akamweleza kwamba lami pale itapasuka kila masika na pesa hiyo bora ikatengeneze daraja. Huyo bibi ni binamu yake, Dada. Hajatuletea yai tangu siku hiyo.

Jambo la wodi ndilo peke yake ambalo hakulitolea jibu la wazi. Kila mtu alisema anaitaka. Colette alisema anaitaka, Réginald alisema anaitaka, hata mzee Gervais Sirois, ambaye hataki chochote, alisema anaitaka. Ugumu ulikuwa ni nani atalipa. Colette alisema fedha zitatafutwa. Réginald akiulizwa hilo alikuwa akisema, “Bado nafikiri,” nami nikaingiwa na hofu, kwa sababu mtu yule akisema bado anafikiri ni kweli anafikiri. Mwezi mzima wa Oktoba alizunguka ghala. Usiku alikoroma vizuri lakini mchana alikuwa haongei. Mimi nilikuwa nikimtazama Josée anavyoongezeka, nikihesabu majuma moyoni, na nikijua kwamba uchaguzi huu kwangu hauna maana nyingine ila moja tu: yule mtoto azaliwe wapi.

Sasa nakuja kwenye kifungua kinywa cha wawindaji.

Kilikuwa Jumamosi ya kabla ya kupiga kura, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, na kama kila mwaka kilifanyika kwenye ukumbi wa klabu ya pikipiki za theluji. Mwenyekiti wa klabu ni Réginald, makamu ni Gervais, rafiki yake tangu wakiwa na meno ya utoto. Unakumbuka desturi: mwaka wa uchaguzi wagombea hawaketi. Wanavaa aproni, wanahudumia, na watu wanawauliza wanachotaka huku wakimiminiwa kahawa. Marehemu Baba alikuwa akisema ukitaka kumjua mtu mwangalie anavyombebea mwenzake sahani. Wanaume walijaa, wote wamevaa makoti ya kuwindia ya rangi ya machungwa kama kikapu cha matunda. Colette alikuwa na birika la kahawa, Réginald yuko jikoni anageuza ploye, zile chapati zetu nyembamba, amevaa tai uliyomtumia chini ya aproni. Mimi nilikuwa nikikata mkate.

Gervais ndiye aliyeuliza. Alimwuliza kwa nia njema, ili ampe rafiki yake nafasi ya kung'ara. Alipaza sauti kwamba Reggie awaambie wote fedha ya wodi itatoka wapi, akitarajia aseme itatoka kwa matajiri wa kusini wenye nyumba za ufukweni, watu wapige makofi, mambo yaishe.

Réginald akaweka mwiko chini. Alifuta mikono polepole, nikamwona, nikasema moyoni, Bikira Maria, amemaliza kufikiri.

“Itatoka kwetu,” akasema. “Kila pikipiki ya theluji ikisajiliwa katika jimbo hili, iongezwe ada, na ada hiyo iende kwenye wodi za wazazi za huku mashambani. Tunanunua mashine ghali kuliko magari ya wake zetu. Tunaweza.”

Ukumbi ule, Dada, wote ni watu wa pikipiki za theluji. Ni sawa na kwenda kwenye harusi ya watu ukapendekeza kodi ya keki.

Gervais alikuwa mwekundu kuliko koti lake. “Reggie,” akasema, “mke wangu ana miaka sabini. Unataka nimlipe mkunga wa nani?”

“Wa kwako wewe. Au ulizaliwa na trekta?”

Hakuna aliyecheka. Watu waliweka uma chini. Mmoja alisukuma sahani yenye ploye nzima, ina siagi juu, hajaigusa, na wewe unajua katika bonde hili mtu akiacha ploye ya moto ama ni mgonjwa ama ni adui. Réginald akarudi kwenye jiko lake akaendelea kugeuza. Alikuwa amesema. Kwake yeye jambo likishasemwa kweli limekwisha, limebaki la wengine kulielewa. Niliona uchaguzi unatupotea pale mbele ya macho yangu, na nilimpenda sana, na nilitaka kumpiga na ule mkate.

Colette angeweza kunyamaza. Alichotakiwa ni kuendelea kumimina kahawa tu, angeshinda hata bila kufungua mdomo. Badala yake aliweka birika mezani na kusema, “Mzee Dereva amesema neno ambalo mimi nimeliogopa tangu Agosti. Ni kweli tupu. Mkinichagua, nami nitalisema hivyohivyo Augusta.” Anamwita Mzee Dereva mpaka leo, kama watoto wote wa basi lile.

Kisha akafanya jambo ambalo desturi haina nafasi nalo. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Gervais na aproni yake. Hakumbishia. Alimwuliza kifungua mimba wake alizaliwa siku gani. Gervais akasema hakumbuki. Akamwuliza nani alimpeleka mkewe Fernande hospitali. Gervais akasema alipelekwa na kaka yake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kambini anawinda. Meza nzima ikacheka, naye akacheka kidogo, akaanza kusimulia jinsi walivyomtafuta msituni kwa kupiga honi. Colette akahamia meza ya pili, akauliza vilevile. Akahamia ya tatu. Watu wale walipotoka kwenda msituni walikuwa bado wamekasirika, lakini kila mmoja alikuwa ametaja mtoto wake kwa jina.

Nilisimama pale na kisu cha mkate nikitazama. Nakuomba uikumbuke picha hiyo, nitairudia.

Jumanne tulikwenda kupiga kura pamoja kwenye ofisi ya mji, mimi na yeye, tumevaa kama tunakwenda misa. Josée alikuja na mumewe, akasimama kwenye foleni, watu wakampisha. Jioni tukakaa jikoni. Simu ilipolia Réginald ndiye aliyeipokea, akasikiliza, akasema ahsante, akaikata. Kura hazikutosha. Nilimwuliza zimepungua ngapi. Alifikiri kidogo, akasema, “Basi moja la shule. Si lile dogo.” Akapanda kulala. Asubuhi nilimkuta uani anang'oa vibao vyake vya kampeni na kuvipanga vizuri, anasema vitafaa kushikilia nyanya.

Siku hiyohiyo kabla ya mchana Colette aligonga mlango. Hakuja na maua, alikuja na bakuli la kretoni alizopika mama yake, zile za nguruwe zenye karafuu nyingi, na mkate. Nikajua huyu amelelewa. Alikaa pale unapokaa wewe ukija. Akasema bodi ya hospitali itakutana katikati ya mwezi, yeye hajaapishwa bado na hana nguvu yoyote, lakini anataka kwenda kuwaomba wasubiri, na hataki kwenda peke yake. Alimwomba Réginald aende naye. Akasema wazo ni la Mzee Dereva, kwa hiyo Mzee Dereva alieleze. Réginald alimwambia yeye hajui kuomba. Colette akamwambia haendi kuomba, aende akaeleze barabara ilivyo, tu. Basi akakubali, na wakala kretoni zote, sikuachiwa hata za kuonja.

Siku ya bodi nilikwenda nikakaa nyuma na Josée. Réginald alisimama akaeleza barabara ya kusini, kona kwa kona: mahali upepo unapojaza theluji dakika chache baada ya gari la kuifagia kupita, mahali simu haishiki, mahali alipowahi kukaa na watoto ndani ya basi mpaka trekta likaja kuwavuta. Hakupamba. Alipomaliza aliketi. Mwenyekiti wa bodi alishukuru kwa upole ule wa watu walioshaamua, akasema tatizo ni kwamba wenye jimbo wenyewe hawako tayari kulipia.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Dada, wakaingia makoti ya machungwa. Klabu nzima. Mbele yao Gervais, kofia mkononi, na nyuma yake Fernande akimsukuma kwa kiwiko. Nilikuja kusikia baadaye kwamba tangu ile Jumamosi Fernande hakumpa raha. Alimwambia amemzalia wanne kwenye wodi ile na mara zote nne yeye alikuwa kambini, kwa hiyo uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na anayeujua ni yeye, kwa hiyo Gervais asiposema atasema yeye. Na Colette alikuwa amepita kwao mara mbili jikoni, akanywa chai, akazungumza na Gervais juu ya mbwa wake.

Gervais alisema klabu ya Saint-Rémi imekaa na kukubali ada ile, na kwamba wamezungumza na klabu nyingine mbili za bonde, moja imekubali na nyingine inanuna lakini itakubali. Kisha akamtazama Réginald, akasema kwa sauti ya chini, “Sikuzaliwa na trekta.” Réginald akamjibu kwamba anajua, alimfahamu mama yake.

Bodi ikaamua kusubiri. Hawakusema wodi haitafungwa, nisikudanganye. Walisema itabaki wazi mpaka kiangazi kijacho, Bunge lipate nafasi ya kulizungumza. Baada ya hapo ni kazi ya Colette huko Augusta, na ni kazi kweli. Lakini Januari, Dada. Januari wodi itakuwa wazi. Nililia mbele za watu mpaka nikaazima leso ya Gervais, ambayo ilinuka mafuta ya bunduki, na sijali. Josée alinishika mkono, safari hii ni yeye aliyenishika. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru Fernande, nimemshukuru yule mwenyekiti wa bodi ambaye simpendi. Kila asubuhi nikiamka nashukuru upya, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nikiamka naisikia barabara ile kifuani.

Sasa ile picha niliyokuomba uikumbuke. Mficha uchi hazai, na hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Dada, mimi sikumpigia kura mume wangu.

Niliingia kwenye kile kibanda nikiwa nimevaa kibandiko chenye jina lake. Kiangazi kizima nilikuwa nimemwendesha, nimemtetea kwa binamu zake, nimemfulia aproni. Nilishika kalamu, nikaliona jina lake, nikalipenda kama nilivyolipenda siku ya kwanza. Kisha nikamwona Colette amevuta kile kiti. Réginald husema kweli na kuiacha hapo sakafuni kama buti lenye matope, anayetaka aiokote. Bila yeye ile kweli isingesemwa kabisa, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini Augusta wamejaa watu wanaoruka mabuti. Nilimfikiria Josée barabarani Januari, nikajiambia kwamba siku ile sichagui mume, mume nilishamchagua zamani na sijajuta. Nilikuwa nachagua mkunga. Nikalijaza duara la Colette, nikakaza uso, nikatoka. Réginald alikuwa akinisubiri nje na kofia yangu, akaniuliza kama kalamu iliandika vizuri. Nikasema iliandika vizuri.

Amepoteza kwa basi zima, kwa hiyo kura yangu moja haikubadili kitu, hilo najua. Hata hivyo usiku nikimsikia anakoroma bila wasiwasi najiona kama nimemwibia. Mtu huyu hajawahi kunificha kitu. Hajui hata namna ya kuficha, zawadi zangu za Krismasi huniambia yeye mwenyewe Novemba. Nimekaribia kumwambia mara tatu, na mara zote tatu alikuwa anafanya jambo jema, kama kumsafishia Josée njia ya theluji, nikashindwa. Nishauri. Nimwambie, au niibebe mwenyewe? Ukisema nimwambie nitamwambia. Ukisema ninyamaze nitafurahi zaidi, lakini usiniambie hivyo kwa sababu tu nitafurahi.

Basi naishia hapa, mkono umechoka na mkate unaungua. Wasalimie wanao na wajukuu, na msalimie Mpolandi na kabeji yake. Goti lako lipake ile dawa, usiiweke kabatini kwa heshima. Josée anakubusu. Mtoto akija salama tutakupigia simu hata kama ni alfajiri, na akiwa wa kike nadhani unaweza kubahatisha wanataka kumwita nani, ingawa nimeambiwa nisikwambie. Ahsante kwa mkono wako wa siku ile. Sijui kama niliwahi kukushukuru vizuri.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Gilberte

Shemeji Olivine,
Ni Réginald. Mimi mzima, viazi vizuri mwaka huu, tai nimeivaa mara tatu, ahsante. Nina jambo moja ambalo Gilberte halijui. Amechoka sana kwa ajili yangu kiangazi chote na sitaki aone amechoka bure, kwa hiyo tafadhali libaki kwako. Kura yangu nilimpa yule binti. Mimi najua kuwafikisha watu. Yeye anajua kuwafanya wapande. Nafunga bahasha.
R.